Maji ya nyuzi 200 yanaweza kuchukua nafasi ya methanoli na heksani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, na mradi wangu ni wa kuzidua kemikali zenye faida kutoka kwenye majani yaliyokaushwa. Mpaka sasa tunatumia methanoli, na heksani kwa vitu vya mafutamafuta. Nimesoma kwamba maji yakipashwa mpaka nyuzi 200 hivi bila kuchemka yanaweza kuifanya kazi hiyo bila sumu. Yanakuwaje na nyuzi 200 na bado yakabaki maji? Kwa nini yayeyushe mafuta, wakati tumefundishwa kwamba maji na mafuta havichangamani? Na je, ninaweza kujaribu kwa sufuria ya presha, au kwa kuziba bomba la chuma na kuliweka kwenye oveni ya maabara?"

Jibu:

Marahaba. Nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukuumiza. Usijaze maji kwenye bomba la chuma, ukaliziba pande zote, kisha ukalitia kwenye oveni. Usifanye hivyo hata kama bomba ni dogo, hata kama chuma chake kinaonekana kinene, hata kwa dakika tano. Hesabu zake nitazieleza huko chini, lakini nimetaka uwe umelisoma katazo hili hata ukiishia hapa.

Sasa tuanze na maji yenyewe. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu hapo ndipo nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake, ambao ni kama bar 1. Ukiyaongezea mgandamizo, kiwango cha kuchemka nacho hupanda. Kwa bar 2 hivi maji hufika nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ili yabaki kimiminika kwenye nyuzi 150 yanahitaji karibu bar 5, kwenye nyuzi 180 bar 10, kwenye nyuzi 200 kama bar 16, na kwenye nyuzi 250 bar 40. Njia hiyo huishia kwenye nyuzi 374 na bar 221, mahali ambapo tofauti kati ya maji na mvuke hutoweka kabisa. Eneo tunalolizungumzia ni lile lililo kati ya nyuzi 100 na 374, maji yakiwa bado kimiminika kwa kuwa yamebanwa.

Ona kwamba bar 16 si kitu cha kutisha kwa vifaa vya maabara. Pampu ya kromatografia ya vimiminika, yaani mashine ya kutenganisha na kupima kemikali moja moja, imezoea kusukuma kwa bar 200 na zaidi. Kazi ya mgandamizo hapa ni moja, nayo ni kuyazuia maji yasigeuke mvuke. Ukishavuka kiwango hicho, kuongeza bar nyingine 50 au 100 hakubadilishi sana uwezo wa maji kuyeyusha. Usipoteze muda wa mradi wako kupima athari ya mgandamizo. Lakini ukishuka chini ya kiwango, mambo hubadilika ghafla. Kilichomo ndani huwa mvuke, na mvuke una tabia tofauti kabisa: hubeba baadhi ya vitu vyepesi vinavyoruka, huku vitu vyenye ncha za umeme ukiviacha pale pale kwenye majani. Kwa hiyo ukifanya kazi kwenye nyuzi 200, weka bar 30 au 50 ili mtikisiko mdogo wa vali usiyageuze maji yako kuwa mvuke bila wewe kujua.

Swali lako la pili ndilo lenye utamu. Ulichofundishwa ni kweli, ila ni kweli kwa maji ya halijoto tuliyoizoea. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo, ule wa oksijeni, na upande wenye chaji chanya kidogo, ule wa haidrojeni. Kwa sababu hiyo molekuli hushikana, haidrojeni ya huyu ikiivuta oksijeni ya yule, kama watu walioshikana mikono katika duara. Kitu chenye chaji au ncha zake, mfano chumvi au sukari, hupata mkono wa kushika na kuingia. Molekuli ya mafuta haina cha kushika. Kuiingiza ni kuvunja mishiko mingi bila kulipa chochote, na ndiyo maana hutupwa nje.

Joto hulegeza mishiko hiyo. Molekuli zinapotikisika kwa nguvu zaidi hushikana kwa muda mfupi zaidi na kwa mpangilio hafifu zaidi. Wanakemia hupima tabia hii kwa namba ya daielektriki, ambayo inaonyesha kiyeyushi kina uwezo gani wa kupunguza mvutano kati ya chaji. Kwa maji ya nyuzi 25 namba hiyo ni karibu 78. Kwenye nyuzi 100 hushuka mpaka 55 hivi, kwenye nyuzi 150 mpaka 44, kwenye nyuzi 200 mpaka 35, na kwenye nyuzi 250 mpaka 27. Sasa linganisha na viyeyushi vilivyo kwenye kabati lenu, vyote kwenye nyuzi 25: methanoli ina 33, ethanoli 24, asetoni 21. Yaani kwa kuzungusha kitufe cha joto peke yake, bila kubadilisha chupa, unayatoa maji kwenye tabia ya maji na kuyasogeza mpaka jirani na methanoli, kisha ethanoli. Mimi sijui kiyeyushi kingine cha kawaida kinachokupa upana wa namna hiyo.

Hata hivyo, usiichukue namba hiyo kama hirizi. Maji ya nyuzi 200 hayageuki methanoli. Yanabaki na molekuli ndogo zinazoshikana kwa haidrojeni, na pia joto lenyewe huchangia, kwa sababu vitu vingi huyeyuka zaidi kwenye joto hata kama kiyeyushi hakijabadilika tabia. Mambo hayo mawili yakiungana, matokeo huwa makubwa ajabu. Kwa antrasini, pireni na ndugu zake, zile kemikali za lami na masizi zenye pete kadhaa za kaboni, vipimo vimeonyesha kwamba kupanda kutoka nyuzi 25 hadi 225 huweza kuongeza kiasi kinachoyeyuka mpaka mara laki moja. Kitu ambacho maji baridi yalikuwa yakikikataa kabisa sasa hutoka kwa kiwango cha kufanyia kazi.

Kazi iliyowafanya wengi waichukulie mbinu hii kwa uzito ilitokea Chuo Kikuu cha North Dakota, Marekani, ambako Steven Hawthorne na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo ya kusafisha udongo na mashapo yenye uchafu wa kemikali kwa maji ya moto yaliyobanwa. Kilichonivutia mimi si tu kwamba uchafu ulitoka, bali mpangilio wake wa kutoka. Fenoli, ambazo zina ncha za umeme, zilitoka mapema kwenye joto la chini. Zile kemikali za pete nyingi zilisubiri mpaka kwenye nyuzi 250 hivi. Hidrokaboni nyoofu za mafuta, yaani alkani, hazikutaka kutoka kwenye maji ya kimiminika hata hapo; zilihitaji mvuke wa joto hilo au maji yaliyovuka kile kiwango cha nyuzi 374. Ukielewa mpangilio huo, umeshapata zaidi ya nusu ya jibu lako: joto ni kama ngazi, na kila kundi la kemikali lina daraja lake.

Hapo pia ndipo heksani inapojitetea. Namba yake ya daielektriki ni karibu 2. Maji hata kwenye nyuzi 300 bado yana kama 20. Nta ya majani, mafuta ya mbegu na hidrokaboni ndefu si kazi nzuri ya maji haya, na joto la kuzilazimisha litakuwa limeshaunguza kila kitu kingine kwenye jani. Kwa sehemu hiyo ya mradi wako bakia na heksani, au tafuta kama maabara jirani ina kifaa cha kaboni dioksidi iliyobanwa, ambayo huipenda sana kazi ya mafuta. Kwa upande wa methanoli, matumaini ni makubwa zaidi.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Kuyeyusha ni sehemu tu ya uziduaji. Kwanza kiyeyushi lazima kiingie ndani ya jani, kiikute kemikali, kiibandue kwenye kuta za seli, kisha kitoke nayo. Maji baridi yana mnato na yana mvutano mkubwa wa uso, hivyo huingia kwenye vitundu vidogo kwa shida. Kwenye nyuzi 200 mnato wa maji umeshuka mpaka chini ya moja ya sita ya ule wa nyuzi 25, na mvutano wa uso umebaki karibu nusu. Molekuli zinasafiri haraka, na ile mishiko kati ya kemikali na jani inaachia. Ndiyo maana kazi inayochukua saa nyingi kwa methanoli kwenye kifaa cha Soxhlet, kile kinachorudisha kiyeyushi kwenye sampuli tena na tena, inaweza kumalizika kwa dakika 15 au 30.

Kwa upande wa mimea kuna mifano miwili inayofaa kuanzia. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walizidua mafuta tete ya rozimari kwa njia hii, wakaona kwamba sehemu zenye oksijeni, ambazo ndizo zenye thamani kubwa ya harufu, zilitoka haraka kuliko terpini (kemikali za harufu za mimea) zisizo na oksijeni. Kwa mtengenezaji wa manukato hiyo ni heri, kwani maji yamemchagulia. Mfano wa pili ni wa Korea Kusini mwaka 2011, ambako kwesetini, kemikali ya kundi la flavonoidi za mimea, iliziduliwa kutoka kwenye maganda ya vitunguu kwa maji ya nyuzi 165 kwa dakika 15, na mavuno yakazidi yale ya methanoli, ethanoli na maji ya kuchemka kawaida. Angalia namba hizo: nyuzi 165, wala si 250. Dakika 15, wala si saa mbili. Na hilo linanileta kwenye jambo ambalo ningependa ulipe uzito kuliko yote.

Joto linaloyafanya maji kuwa kiyeyushi kizuri ndilo linaloyafanya kuwa mkataji. Maji hujigawa kidogo kuwa ayoni za haidrojeni na za haidroksidi, na kiasi cha kujigawa huko huongezeka kwa mamia ya mara kutoka nyuzi 25 hadi 250. Maji safi hubaki bila upande, maana ayoni zote mbili huongezeka kwa usawa, kila moja kama mara 25. Lakini ndani yake sasa kuna vichocheo vya asidi na vya besi kwa wakati mmoja, kwenye joto kali. Esta hukatika. Sukari zilizofungwa kwenye flavonoidi hukatwa. Majani nayo huchangia: vikundi vya asetili vilivyo kwenye hemiselulosi, mojawapo ya wanga zinazojenga kuta za seli, hujitenga na kuwa asidi asetiki, na myeyusho wako unakuwa mchachu bila wewe kuongeza tone la asidi. Kuanzia nyuzi 150 hivi hemiselulosi yenyewe huanza kubomoka, na ukivuka 220 selulosi nayo hufuata. Sukari zinazotokana na ubomokaji huo hugeuka fafurali na jamaa zake, na zikikutana na asidi amino huanza kufanya rangi ya kahawia na harufu ya kuokwa.

Kuna kiwanda kinachoutumia ukataji huu kwa makusudi. Kahawa ya unga inayoyeyuka papo hapo hutengenezwa kwa kupitisha maji ya nyuzi 150 mpaka 180, yakiwa yamebanwa, kwenye safu za kahawa iliyosagwa, ili sehemu ya wanga isiyoyeyuka ikatwe na kuyeyuka. Kwao kubomoa ni mavuno. Kwako wewe unayetafuta kemikali fulani ikiwa nzima, kubomoa ni hasara, na mbaya zaidi ni hasara inayoweza kujificha nyuma ya matokeo mazuri.

Nieleze inavyojificha, kwa sababu nimeiona kwenye ripoti nyingi za wanafunzi. Mtu anazidua majani kwenye nyuzi 100, 150 na 200, anapima uzito wa kilichotoka, kisha anafanya kipimo cha rangi cha DPPH kuona uwezo wa kuzuia oksidisho. Namba zote zinapanda pamoja na joto, naye anahitimisha kwamba nyuzi 200 ndiyo halijoto bora. Lakini uzito umepanda kwa sababu hemiselulosi imeyeyuka. Na uwezo wa kuzuia oksidisho umepanda, kwa sehemu au kwa wote, kwa sababu ile michanganyiko ya kahawia inayotokana na sukari na asidi amino nayo huzuia oksidisho, ilhali haikuwamo kwenye jani asubuhi ile. Ameipima kemikali aliyoipika mwenyewe. Kipimo cha jumla hakiwezi kukuambia tofauti hiyo. Ni lazima uitafute kemikali yako kwa jina lake kwenye kromatografia, na uone kilele chake kwenye mchoro, yaani kiasi chake, kinapanda au kinashuka.

Kinga yake ni rahisi na ningekuomba uifanye kabla hujagusa jani hata moja. Chukua kiwango safi, yaani sampuli safi ya kulinganishia, ya kemikali unayoitafuta, au inayofanana nayo sana, ipake kwenye mchanga uliooshwa na kukaushwa, iweke kwenye kifaa na kuipitishia maji kwa halijoto na muda uleule utakaotumia kwa majani. Ukiweka miligramu 10 ukapata 9.7, endelea kwa amani. Ukipata 6, basi joto limekula 4, na halijoto hiyo haikufai hata kama inatoa myeyusho mzito kiasi gani. Baada ya hapo, ukishazidua majani halisi, chukua makapi yaliyobaki uyapitishie methanoli ya kawaida. Kilichotoka kwenye maji ukijumlisha na kilichobaki kwenye makapi kikaribiane na kile ambacho methanoli peke yake ilitoa mwanzoni. Jumla ikipungua, kuna kilichoharibika njiani. Kwa hiyo methanoli haiondoki maabara mara moja; inahama kutoka kuwa mzalishaji na kuwa shahidi.

Kuchagua halijoto ya kuanzia, fikiria kemikali yako ina nini. Rangi za anthosiani, zile nyekundu na zambarau, haziwezi joto. Usipite sana nyuzi 110 au 120, na ufanye haraka. Flavonoidi zilizobeba sukari hutoka kwenye halijoto ya chini kuliko zile zisizo na sukari, kwa sababu sukari inayapa maji mahali pa kushika. Terpini zenye oksijeni hukaa vizuri kati ya 125 na 175. Ukiwa huna habari yoyote, anza na nyuzi 100, kisha 125, 150 na 175, ukitumia sampuli mpya kila mara, na usimame pale kiwango safi kinapoanza kupotea. Kumbuka kanuni ya jumla kwamba athari nyingi za kemikali huongeza kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10: kutoka 150 kwenda 180 ukataji unaweza kuwa mara nane. Mara nyingi ni afadhali dakika 10 za ziada kuliko nyuzi 20 za ziada, lakini si mara zote, na hilo ndilo mradi wako unaweza kulijibu kwa mmea wako.

Maji lazima yatolewe oksijeni kabla ya kuanza. Oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, ikifika nyuzi 150, hushambulia fenoli kwa pupa na hushambulia hata chuma. Yapulizie nitrojeni kwa dakika kadhaa, au yachemshe na kuyapoza yakiwa yamefunikwa, ukiwa na njia ya kuzuia hewa isirudi.

Sasa kifaa. Mpango ninaoupenda ni ule wa maji yanayopita, si ya kutuama. Pampu ya kromatografia inavuta maji yasiyo na oksijeni na kuyasukuma kwa mililita moja hivi kwa dakika. Yanaingia kwenye oveni na kupita kwanza kwenye bomba jembamba lililosokotwa ili yapate joto kabla ya kukutana na majani. Ukiliruka hilo, mwanzo wa chemba utakuwa na joto tofauti na mwisho wake. Kisha yanaingia kwenye chemba ndogo ya chuma kisichoshika kutu yenye vichujio pande zote mbili, ambamo majani yaliyosagwa yamechanganywa na mchanga ili yasigandamane na kuziba njia. Saga kiasi, usifanye vumbi. Kutoka hapo maji yanapita kwenye bomba lingine lililo nje ya oveni, ndani ya maji baridi, na ndipo yanapofika kwenye vali ya mwisho inayoshikilia mgandamizo. Mpangilio wa poza kwanza, ndipo uachie mgandamizo, haubadilishwi kamwe. Ukiweka vali kabla ya kupoza, maji yatalipuka kuwa mvuke kwenye tundu la vali na kukurushia usoni.

Uzuri wa maji yanayopita ni kwamba kemikali ikishatoka kwenye jani haikai kwenye joto. Dakika moja au mbili baadaye iko kwenye baridi. Kwenye chombo kilichofungwa inakaa na kupikwa mpaka mwisho wa zoezi, na ukikipoza pamoja na majani yake, kemikali isiyopenda maji baridi inarudi kung'ang'ania jani lilelile ulikoitoa. Ubaya wake ni kwamba unaishia na myeyusho mwepesi, mililita 30 badala ya 10.

Sasa zile hesabu nilizoahidi. Maji hutanuka yakipata joto, kuliko watu wengi wanavyodhani. Lita moja ya nyuzi 20 inakuwa zaidi ya lita 1.15 kwenye nyuzi 200, na karibu lita 1 na robo kwenye nyuzi 250. Ukilijaza bomba lote na kuliziba, maji hayana pa kwenda, na maji hayabanwi kirahisi. Katika chombo kisichotanuka, kuanzia nyuzi 50 hivi, kila nyuzi moja unayoongeza huongeza bar 10 au zaidi. Hesabu mwenyewe kutoka 50 hadi 200. Bomba litapasuka muda mrefu kabla ya kufika huko, na hapo si swali la mvuke tena, ni swali la chuma. Ndiyo sababu vyombo vya kufungwa vilivyotengenezwa kwa kazi hii huachiwa nafasi tupu, mara nyingi theluthi nzima, na huwa na vali ya usalama au kisahani kilichotengenezwa ili kipasuke kwa mgandamizo unaojulikana.

Hesabu ya pili ni ya chombo kikishapasuka. Maji ya nyuzi 200 yakiachiwa ghafla kwenye hewa, karibu sehemu moja ya tano yake hugeuka mvuke papo hapo. Kutoka kwenye lita moja tu ya maji hayo utapata mvuke wa lita 280 hivi, ukiwa na nyuzi 100, katika chumba ulichosimama. Chemba ya mililita 5 hadi 10 pamoja na maji yaliyomo kwenye mabomba ni hatari ndogo inayoweza kudhibitiwa kwa mlango wa oveni uliofungwa. Chombo cha lita moja ni habari nyingine, na hakijengwi na mwanafunzi. Denis Papin, Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1679 jijini London chungu chake cha kulainisha mifupa kwa maji yaliyobanwa, alikiwekea vali ya usalama. Ni zaidi ya miaka 340 sasa, hakuna sababu ya mtu kuanza bila hiyo.

Ama sufuria ya presha, ile ya kawaida hufika kama nyuzi 121, ambapo maji yana namba ya daielektriki ya karibu 50. Ndiyo kwanza umebisha hodi. Kwa vitu vinavyoyeyuka kwenye maji moto inaweza kuongeza mavuno kidogo, lakini huwezi kubadilisha halijoto, huwezi kuchukua sampuli katikati, na majani yanaweza kuziba tundu la vali yake. Usiitumie, na zaidi ya yote usiongeze uzito kwenye vali yake ili kupandisha joto. Otoklevu ya kuua vijidudu ni salama zaidi lakini ukomo wake ni uleule au zaidi kidogo. Ikiwa idara yenu ina kifaa cha uziduaji wa haraka kwa viyeyushi vilivyobanwa, kile kinachofika nyuzi 200 na kama bar 100, uliza kama kinaruhusiwa kutumia maji. Vingi vinaruhusu, na utakuwa umeokoa miezi ya kujenga.

Kwa vifaa vya kuunga, angalia mambo mawili. Viziba vya plastiki ya PTFE hulegea unapokaribia nyuzi 250, basi usivitegemee huko. Na usitumie maji au majani yenye chumvi nyingi bila kuuliza, kwa kuwa kloridi kwenye joto hili huanzisha nyufa kwenye chuma kisichoshika kutu, nyufa ambazo huzioni mpaka siku inapovuja. Vioo visitumike kabisa ndani ya mgandamizo. Maji haya huila kioo.

Limebaki jambo la kilichotoka. Myeyusho ukipoa, maji yanarudi kwenye tabia yake ya zamani, na kila kisichopenda maji baridi kinaanza kujitenga. Ukikuta ukungu mweupe au chembechembe kwenye chupa, usizichuje na kuzitupa kabla ya kuzipima. Mara nyingi ndizo mavuno yako. Mafuta tete yataelea. Chembe zinaweza kuziba bomba la kupoza, kwa hiyo ukiona mgandamizo wa pampu unapanda wenyewe, simamisha pampu, zima joto, na usiguse kiungo chochote mpaka oveni ishuke chini ya nyuzi 50. Kukausha maji kunakula nguvu nyingi kuliko kuyapasha: kupeleka kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 200 yakiwa kimiminika ni kama kilojuli 750, kuigeuza mvuke ni kama 2,570. Usiyachemshe yote yaishe. Yapitishe kwenye katriji ya kunasa kemikali, kisha uioshe katriji kwa mililita chache za ethanoli. Utakuwa umetumia kijiko cha kiyeyushi badala ya chupa.

Na myeyusho huo hauna pombe ya kuulinda. Ukiuacha mezani, ukungu wa hewani utaupenda kwa sukari zake; uweke kwenye jokofu siku hiyohiyo, kwenye chupa ya kahawia, ukiwa umeandika halijoto, muda na kasi ya maji. Mwombe msimamizi wako aione michoro ya kifaa kabla ya kukaza nati ya kwanza, kisha kipimeni kikiwa baridi, bila majani, kwa mgandamizo mara moja na nusu ya ule mtakaoutumia, kwa nusu saa. Kikivuja maji baridi kitavuja ya moto.